Kabla Hujanunua Masta: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Breki Laini

Barua za safari hii zimetoka Malindi na majirani zake, na zote zinahusu magari ya kulala ndani, yale yaliyofungwa kitanda, jiko na tangi la maji, yenye umri wa miaka 25 kwenda juu. Nyingi zinalalamika kwamba pedali ni laini. Neno hilo moja hubeba magonjwa manne au matano yasiyofanana, kwa hivyo jibu la kwanza ni refu na mengine yanaliegemea.

SWALI: Mafundi, salaam. Nina Toyota HiAce ya 1995, dizeli, ambayo ndani imefungwa kitanda, makabati, jiko la gesi na tangi la maji la lita 70. Mbele ina diski, nyuma dramu. Pedali inashuka zaidi ya nusu na ni kama nakanyaga sponji. Nikipampu mara mbili inapanda. Fundi wangu ametoa upepo mara tatu na hali ni ileile. Breki fluidi haipungui kwenye chupa. Breki shuu za nyuma zilibadilishwa miezi miwili iliyopita. Sasa ameniambia ninunue masta mpya. Ninunue?
*Msomaji, Muyeye, Malindi*

JIBU: Usinunue bado, ndugu. Masta, ile pampu inayosukuma breki fluidi kwenda magurudumuni ukikanyaga, huenda ikawa na makosa, lakini katika uliyotueleza hakuna hata moja linaloielekea. Yapo mawili yanayoelekea nyuma ya gari: pedali inapanda ukipampu, na shuu, zile zinazobana dramu kwa ndani, ni mpya.

Anza na injini ikiwa imezimwa. Kanyaga mara tano au sita mpaka busta, kile kifaa kinachouongezea mguu nguvu injini ikiwaka, iishiwe na nguvu yake, maana busta ikisaidia huwezi kusikia vizuri kinachotokea mguuni. Tulia kidogo, kisha kanyaga mara moja taratibu, uangalie pedali inashika wapi. Achilia, pampu haraka mara tatu, na ile ya tatu uishikilie. Hapo sikiliza mguu wako.

Ikiwa imepanda na ni ngumu kama jiwe, mfumo hauna upepo wa kutaja, yaani hewa iliyoingia ndani ya breki fluidi. Tatizo ni nafasi: kuna mahali shuu au pedi ziko mbali na chuma chake, na masta inatumia safari yake yote kuzisogeza kabla hazijagusa. Ikiwa imepanda lakini bado inadunda mguuni kama mpira, huo ni upepo, au kuna kitu kinachopinda kama hosi iliyochoka. Ikiwa imepanda kisha inazama polepole huku umeishikilia, hapo ndipo masta inapoanza kushukiwa. Tumeona masta nzima nyingi zikitupwa kwa sababu hakuna aliyetumia dakika mbili kufanya jaribio hili.

La pili ni jepesi zaidi. Vuta breki ya mkono kwa nguvu, kisha kanyaga pedali. Breki ya mkono inasukuma shuu zilezile za nyuma mpaka ziguse dramu. Basi ikiwa pedali sasa inashika juu, tofauti na ilivyokuwa mkono ukiwa chini, umepata jawabu: shuu za nyuma hazijarekebishwa. Isipobadilika, tafuta kwingine.

Wengi hawaamini kwamba milimita moja ya nafasi inaweza kuishusha pedali. Tupige hesabu. Chukua wili silinda, ile silinda ndogo ya gurudumuni inayosukuma shuu, yenye kipenyo cha milimita 20 na masta ya milimita 22. Pistoni mbili za gurudumu moja zikisafiri milimita 1 zaidi kila moja, zinataka mililita 0.63 za breki fluidi. Magurudumu mawili ya nyuma yanataka mililita 1.26. Ili kutoa kiasi hicho, pistoni ya masta inakwenda milimita 3.3 zaidi, na kwa kuwa pedali ni wenzo unaozidisha safari hiyo mara nne au tano, mguu wako unashuka karibu sentimita moja na nusu. Hiyo ni milimita moja tu. Shuu zikiwa mbali milimita mbili, pedali inakaribia zulia.

Kwa nini shuu mpya zikae mbali? Kuna sababu tatu zinazojirudia. Ya kwanza ni kirekebishaji, kile kijiti chenye skrubu na gurudumu la meno kinachotanua shuu. Cha kushoto na cha kulia havifanani. Kimoja huzungukia kulia, kingine kushoto. Vikibadilishana upande wakati wa kufunga, kila vinapojirekebisha huwa vinazikusanya shuu badala ya kuzitanua. Ya pili ni kutu: hewa yetu ya bahari inazigandisha nyuzi za skrubu hiyo, na gari likisimama miezi mitatu uani halijirekebishi tena. Ya tatu ni dramu yenyewe. Dramu iliyolika ina duara kubwa kuliko shuu mpya, basi shuu inagusa katikati peke yake, ncha zinaelea. Ukikanyaga, shuu inajipinda kulifuata duara, na kule kujipinda ndiko unakokusikia kama sponji ingawa mfumo hauna hata povu moja. Pima kipenyo cha dramu ulinganishe na kipimo cha mwisho kilichochapwa kwenye chuma cha dramu. Ikiwa bado iko ndani ya kipimo, inaweza kuchongwa kwenye mashine ikawa laini, ikishapita, ni ya kutupwa, na usikubali kuchongewa "kidogo tu."

Kurekebisha kunaanzia kwenye kebo ya breki ya mkono: ilegeze kabisa kwanza. Ukirekebisha shuu huku kebo imekaza, kebo ndiyo itakayokudanganya. Weka mawe kwenye magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi. Kwenye mchanga wa Malindi jeki humezwa, basi tanguliza ubao mpana chini yake na chini ya stendi pia. Ingiza bisibisi bapa kwenye tundu la bati lililo nyuma ya dramu, uzungushe gurudumu la meno mpaka tairi isizunguke kwa mkono, kisha urudishe jino moja moja mpaka tairi izunguke ikikwaruza kidogo sana. Kanyaga pedali kwa nguvu mara mbili tatu ili shuu zijipange katikati, urudi upime tena. Mara nyingi zitakuwa zimelegea kidogo. Fanya pande zote mbili sawa, ndipo ukaze kebo. Ikiwa gurudumu la meno halizunguki, vua dramu, toa kirekebishaji, kisugue kwa brashi ya waya na upake nyuzi zake grisi ya breki inayostahimili joto, kidogo sana. Grisi ya beringi itayeyuka na kuishia kwenye leni, ile sehemu ya shuu inayokwaruza dramu.

Sasa tuseme breki ya mkono haikubadilisha kitu na pedali bado inadunda. Fungua kifuniko cha chupa ya breki fluidi, mwenzako apampu haraka mara kumi hivi, ashikilie, halafu aachilie ghafla. Upepo uliobanwa utairudisha breki fluidi kwa kishindo na utaiona ikiruka juu ndani ya chupa. Usichungulie kwa karibu. Inachoma macho, na ikidondokea rangi ya gari inaibabua. Iliyomwagika imwagie maji mengi papo hapo.

Ili kujua upepo uko upande gani, mafundi wazuri hubana hosi. HiAce kama yako ina hosi tatu za mpira: moja kila gurudumu la mbele, na moja inayoshuka kwenye ekseli ya nyuma. Zibane zote tatu kwa klampu zenye midomo laini ya duara, si vaisi gripu yenye meno. Kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, masta yako ni nzima, na huu ndio ushahidi tunaoutaka kabla mtu hajatoa pesa. Achia klampu moja baada ya nyingine. Ile ambayo pedali inashuka ukiiachia ndiyo inayokuonyesha upande wenye ugonjwa. Ikiwa zote zimebanwa na pedali bado ni laini, kosa liko kabla ya hosi: upepo ndani ya masta, raba za masta, au upepo kwenye valvu ya mzigo, tutakayoieleza chini. Tahadhari moja: hosi iliyopasukapasuka nje au iliyokaa zaidi ya miaka kumi isibanwe, utaiua kwa ndani. Hosi ya namna hiyo ni ya kubadilishwa hata kama siyo mkosaji wa leo. Ukitaka kujua inavimba au la, mtu akanyage kwa nguvu huku wewe umeishika mkononi.

Kutoa upepo kwenyewe kuna makosa yake. Gari lenye usukani kulia lina masta upande wa kulia, kwa hivyo gurudumu la mbali zaidi ni la nyuma kushoto. Anza hapo, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani uvalishwe kwenye nipoli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, na ncha yake izame kwenye chupa yenye breki fluidi kidogo. Mmoja akanyage polepole na kushikilia. Mwingine afungue nipoli robo mzunguko, povu litoke, *afunge*, ndipo amwambie mwenzake aachilie. Nipoli ikiachwa wazi pedali inaporudi, upepo unaingia upya kupitia nyuzi zake, na hapo mtatoa upepo mpaka magharibi. Subiri sekunde tatu nne kabla ya kukanyaga tena ili masta ijae. Chupa isishuke chini ya nusu hata mara moja.

Jambo linaloua masta za zamani ni kuikanyaga pedali mpaka chini wakati wa kutoa upepo. Kwa miaka 20 na kitu pistoni imesafiri sehemu ileile ya silinda. Sehemu ya mbele haijaguswa na imejaa kutu na uchafu. Ukiipeleka pistoni huko, raba zake zinakatika, na jioni hiyohiyo masta iliyokuwa nzima inaanza kuzama. Weka kipande cha mbao cha sentimita 5 chini ya pedali. Kama fundi wako alitoa upepo mara tatu bila mbao, basi ndiyo, huenda masta sasa inahitajika, na unajua imeharibikaje.

Kuikagua masta: injini imezimwa, busta imeisha nguvu, kanyaga *kidogo*, kwa uzito wa mguu tu, ushikilie dakika nzima. Raba zilizolika mara nyingi huvujisha presha ndogo lakini zikashika presha kubwa, ndiyo maana kukanyaga kwa hasira hakuonyeshi kitu. Ikizama na hakuna tone popote nje, raba za ndani zimekwisha. Ikizama na chupa inapungua, legeza masta kwenye busta uangalie nyuma yake. Mara nyingine breki fluidi yote iliyopotea imo ndani ya busta. Na ukiwasha injini huku umeshikilia pedali ikashuka kidogo, usishtuke. Hivyo ndivyo busta nzima inavyofanya kazi.

Masta mpya ikinunuliwa, ijazwe na kutolewa upepo ikiwa mezani kabla haijafungwa: ibane kwenye vaisi ikiwa sawasawa, ujaze chupa yake, vipande vya bomba virudishe breki fluidi kwenye chupa, na pistoni isukumwe taratibu kwa bisibisi ya nyota mpaka povu liishe. Ikiwa ndani ya gari imelala pua juu, upepo hujificha puani. Inua nyuma ya gari mpaka masta ilale sawa, ndipo utoe.

Ile valvu ya mzigo inakuhusu hata breki zikipona. HiAce nyingi zina valvu yenye fimbo iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Gari likilemewa, mwili unakaribia ekseli, fimbo inageuka na valvu inaruhusu presha zaidi kwenda nyuma. Gari lako limebeba kitanda, makabati na kilo 70 za maji. Kama aliyelifunga aliongeza majani ya springi ili lisilale, valvu sasa inaliona gari halina kitu, na breki za mbele zinafanya kazi ya wote. Fimbo irekebishwe kulingana na springi mpya. Na ikiwa valvu ina nipoli yake, nayo itolewe upepo. Wanaoisahau ni wengi kuliko wanaoikumbuka.

SWALI: Nilipungukiwa na mafuta ya breki nikiwa Gongoni, kijana wa gereji akanijazia mafuta ya gia ya otomatiki, karibu robo chupa. Nimeendesha wiki moja. Pedali mwanzo ilikuwa sawa, sasa ni nzito kurudi na magurudumu yanapata moto. Nikiyatoa na kujaza mengine inatosha?
*Msomaji wa kike, Mambrui*

JIBU: Haitoshi, dada. Na tulilaumu jina kidogo: sote tunaita "mafuta ya breki," basi mtu anaona mafuta ni mafuta. Breki fluidi ya DOT 3 na DOT 4, madaraja yanayoandikwa kwenye kopo, si mafuta. Ni kimiminika cha jamii ya glaikoli, kinachochanganyika na maji, na raba za mfumo wako zimetengenezwa kukaa ndani yake. Mafuta ya injini, ya gia au ya usukani yakizigusa raba hizo zinavimba na kulainika. Zikishavimba hazirudi.

Thibitisha kwanza. Fungua kifuniko cha chupa uangalie raba yake ya ndani. Ikiwa imetanuka na haikai tena mahali pake, mafuta yameshafika. Kisha dondosha matone machache kwenye glasi ya maji. Breki fluidi itayeyuka ndani ya maji, mafuta yataelea juu yakiwa na duara zao.

Yakielea, kila kipande cha raba ni cha kubadilishwa: raba za masta au masta nzima, wili silinda, raba za kalipa zinazobana pedi kwenye diski, hosi zote, raba za chini ya chupa, na valvu ya mzigo. Mabomba ya chuma yanabaki lakini yaoshwe kwa spiriti na kupulizwa kwa hewa kavu. Usiyaoshe kwa petroli wala dizeli, hayo nayo ni mafuta. Ndiyo, ni gharama. Raba ya masta iliyovimba huziba tundu dogo linalorudisha breki fluidi kwenye chupa. Presha inabaki kwenye magurudumu, breki zinajishika zenyewe, na huo ndio moto unaousikia. Usiliendeshe gari mpaka Malindi, livutwe.

SWALI: Tulishuka kutoka Wundanyi kwenda Mwatate na gari la kulala, tumejaza kila kitu. Nusu ya mteremko pedali ikazama mpaka chini. Nilitumia gia na breki ya mkono tukasimama. Baada ya saa moja breki zilirudi, na tangu hapo ziko vizuri kabisa. Fundi hapa Malindi amekagua hajaona kitu.
*Msomaji, Watamu*

JIBU: Hataona kitu gari likiwa limepoa. Breki fluidi yako ilichemka. Inavuta unyevu wa hewa kupitia hosi na kifuniko, na pwani unyevu upo mwaka mzima. DOT 3 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachotakiwa kinashuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Malindi kulivyo tambarare hufiki joto hilo, kwa hivyo breki fluidi iliyooza inaonekana nzima mpaka siku ya mlima. Ikichemka inakuwa mvuke, na mvuke unabanika kama upepo. Ikipoa inarudi kuwa kimiminika, pedali inapanda, kila mtu anasahau.

Badilisha yote kwa DOT 4, ambayo inachanganyika na DOT 3. DOT 5 yenye silikoni haichanganyiki na hizo, iache dukani, ingawa DOT 5.1 si hiyo na inafaa. Lita moja inatosha kusafisha mfumo wote: anza nyuma kushoto kwa mililita 200 hadi 250 mpaka itoke safi, magurudumu mengine yatachukua pungufu kidogo. Nunua kopo lililofungwa, na lililobaki nusu tangu mwaka jana usilitie. Vitabu vingi vinasema miaka miwili. Kwa magari ya pwani sisi tunasema kila mwaka kabla ya safari ya milimani.

Halafu tafuta kwa nini lilipata moto kiasi hicho. Endesha kilomita kumi bila kutumia breki sana, usimame, uweke kiganja karibu na kila rimu bila kuishika. Moja ikiwa na moto kuliko nyenzake, kalipa imeganda kwenye pini zake, au hosi imeziba kwa ndani: presha inapita kwenda na haipiti kurudi. Pini zilizoganda huleta pia pedali inayodunda, kwa kuwa kalipa inajipinda badala ya kuteleza. Zitolewe, zisuguliwe, zipakwe grisi ya silikoni ya breki.

Siku hiyo kama pedali ingebaki juu na ngumu huku gari halisimami, tungesema leni ndizo zilizopata moto. Ni ugonjwa mwingine, ingawa mteremko ni uleule. Kwa yote mawili, shuka kwa gia ya pili, kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie zipoe, na tangi la maji limwage kabla ya kuanza kushuka. Maji yapo Mwatate.

SWALI: Nina Volkswagen Kombi ya 1978 iliyoletwa kutoka Ujerumani, usukani kushoto. Kalipa za mbele zilifunguliwa zote mbili kubadilisha raba. Tangu zifungwe, pedali ni sponji, na tumeshamaliza lita mbili tukitoa upepo. Bomba moja la nyuma pia linatoa jasho penye nati hata tukikaza.
*Msomaji, Barani, Malindi*

JIBU: Piga magoti uangalie nipoli za mbele. Zinapaswa kuwa juu ya kalipa. Zikiwa chini, kalipa zimebadilishana, ya kushoto iko kulia. Upepo hukaa juu na tundu liko chini; hata ukimwaga pipa zima hautatoka. Zibadilishane, na shida hiyo itaisha kwa mililita mia mbili.

Kwa usukani wa kushoto mpangilio wa kutoa upepo unageuka: anza nyuma *kulia*. Kabla ya hapo rekebisha shuu za nyuma, kwa kuwa Kombi yako haijirekebishi yenyewe. Kila gurudumu la nyuma lina nyota mbili ndani ya matundu ya bati, na zinazunguka kinyume kila moja na mwenzake. Kaza mpaka gurudumu lisimame, rudisha meno matatu au manne.

Jasho la bomba: angalia mdomo wake. Mabomba ya Kijerumani ya aina hiyo yana mdomo wa duara kama kichwa cha uyoga. Ya Kijapani yana mdomo uliokunjwa mara mbili kwa ndani, kama faneli. Gereji zetu zimezoea Toyota na kifaa walicho nacho ni cha faneli. Bomba la namna hiyo halikai kwenye kiti cha Kombi, na kukaza zaidi kunakula nyuzi. Tengenezesha bomba jipya la shaba iliyochanganywa na nikeli, inchi 3/16, kwa mdomo unaofaa. Aina hiyo hailiwi na kutu ya chumvi. Shaba tupu hugumuka kwa mtetemo na kupasuka, tusiitumie kwenye breki.

SWALI: Nimeacha gari Mokowe miezi minne nikiwa Lamu kisiwani. Nimerudi, magurudumu ya nyuma hayazunguki na breki ya mkono iko chini.
*Msomaji, Lamu*

JIBU: Ulivuta breki ya mkono ulipoondoka, na leni zimegandana na dramu kwa kutu. Usilazimishe kwa injini, utabandua leni. Hakikisha kwanza kebo imelegea kweli chini ya gari, si lever peke yake. Kebo huganda ndani ya ganda lake. Kisha gonga ukingo wa dramu kwa nyundo kuzunguka pande zote, si usoni katikati ya boliti, na ulisukume gari mbele na nyuma kidogo. Likiachia, vua dramu usugue kutu kwa msasa na ukague raba za wili silinda kama zinavuja.

Safari ijayo acha gari kwenye gia ya kwanza, mawe pande zote mbili za tairi, breki ya mkono chini.